Kilichotenganisha sanaa na hisabati shuleni ni mtihani

Mwaka huu wa 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi, yaani CBC, wameingia Gredi ya 10 wakiwa wamegawanywa katika mikondo mitatu. Kuna mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao wengi wetu tunauita STEM. Kuna Sayansi za Jamii. Kisha kuna Sanaa na Sayansi ya Michezo. Lengo la serikali ni kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili na asilimia 15 wa tatu. Ukipita Meru au Embu siku ya soko, utawasikia wazazi wakiulizana mtoto ameangukia wapi. Wa STEM hupewa pongezi. Wa sanaa huulizwa shida ilikuwa nini.

Makala haya yanalenga kuchunguza historia ya swali hilo. Je, sanaa na hisabati zilitengana lini katika shule zetu, na nani alizitenganisha? Hoja yangu ni kwamba sera za elimu nchini zimejaribu kuziweka pamoja zaidi ya mara moja katika muda wa miaka mia moja, na kila mara jaribio limekwama mahali pale pale: kwenye mtihani. Nitatoa mifano mingi kutoka upande wetu wa mashariki na kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, kwa sababu huku ushahidi uko mikononi mwa watu.

Tuanze na neno lenyewe. 'Sanaa' limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu cha leo mzizi huo huo ndio unaozaa maneno ya kiwanda na utengenezaji wa bidhaa. Waswahili walipolichukua, walilitumia kwa kazi yoyote ya ustadi wa mikono: ya seremala, ya sonara, ya mjenzi wa jahazi. Kazi hizo zilikuwa za kupima, kukadiria na kupendezesha kwa wakati mmoja. Leo neno limebana. Ukisema 'msanii', msikilizaji anamwona mwimbaji jukwaani. Na mitaani mambo ni mabaya zaidi, kwani 'usanii' umekuwa jina la ulaghai. Lugha imetunza kumbukumbu ya jinsi hadhi ya sanaa ilivyoporomoka.

Jamii za Mlima Kenya nazo zilikuwa na muturi, yaani mhunzi. Kabla ya chuma cha dukani kuenea, mafundi wa eneo hili waliosha mchanga mweusi wenye madini ya chuma, wakauyeyusha kwa moto wa makaa na viriba vya ngozi, kisha wakafua mikuki, visu, mapanga na mapambo. Muturi alijua moto umefika kiwango gani kwa kutazama rangi yake. Alijua mkufu unahitaji pete ngapi ili ukae vizuri shingoni. Je, tumwite mwanasayansi au msanii? Katika jamii yake swali hilo halikuwapo.

Mfano ulio karibu zaidi ni kiondo. Naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Msusi huanza kitako kwa kamba chache zinazopishana katikati, kisha huzizungushia nyuzi mbili zinazojisokota pamoja. Kadiri kitako kinavyopanuka, lazima aongeze kamba za kusimama. Kitako kikiwa na kipenyo cha sentimita 10, mzingo wake ni karibu sentimita 31. Kikifika kipenyo cha sentimita 20, mzingo ni karibu 63. Kama anataka kila kamba ikae nusu sentimita kutoka kwa jirani yake, kamba 63 zinamtosha pale mwanzo, lakini pale pa pili anahitaji takriban 126. Asipoongeza, kitako kinaanza kujikunja kuelekea juu. Na akitaka kuta za kiondo zisimame, anachofanya ni hicho hicho: anaacha kuongeza. Msusi anaitumia pai bila kuwahi kuisikia ikitajwa.

Kuna la ajabu zaidi. Tuseme nyuzi zake mbili za kuzungusha ni nyeusi na nyeupe. Kamba ya kwanza inafunikwa na nyeusi, ya pili na nyeupe, ya tatu na nyeusi, na kuendelea hivyo. Ikiwa kamba za kusimama ni 120, mzunguko wa pili utaanza na nyeusi juu ya nyeusi, na kiondo kitapata mistari iliyosimama wima kutoka chini hadi mdomoni. Lakini zikiwa 121, mzunguko wa pili utaangusha nyeupe juu ya nyeusi, na kiondo chote kitakuwa cha miraba midogo kama ubao wa drafti. Kamba moja tu inabadilisha sura ya kiondo kizima! Katika hisabati ya Kiswahili tunasema 120 ni namba shufwa na 121 ni namba witiri. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 hukariri maneno hayo, akayaandika kwenye daftari na kuyasahau. Nyanya yake amekuwa akiyaona kwa macho maisha yake yote.

Halikadhalika ngoma. Wapiga ngoma wa Chuka wanajulikana nchini kote kwa ngoma zao ndefu za mbao, ambazo mpigaji huzibana kati ya mapaja huku akicheza. Katika ngoma za Kiafrika ni jambo la kawaida mpigaji mmoja kugawa muda kwa mbili na mwenzake kuugawa kwa tatu. Wawili hao hukutana kila baada ya mapigo sita, na sita ndicho kigawe kidogo cha shirika cha mbili na tatu. Mtoto aliyepiga makofi ya namna hiyo ameshakisikia kigawe hicho kabla ya kukikokotoa.

Ngoja kwanza, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila msusi ni mwanahisabati. Kujua kufanya na kujua kueleza ni mambo mawili. Msusi anajua kwamba kamba moja zaidi itaharibu mistari yake. Hisabati inaanza pale anapoulizwa kwa nini, na kama jambo hilo litatokea kwa idadi yoyote ya kamba, si 120 na 121 pekee. Hiyo ndiyo kazi ya shule: kuchukua ujuzi wa mkono na kuutafutia kanuni. Swali ni kwa nini shule zetu hazikuifanya.

Shule za kimishonari zilifika huku mapema katika karne iliyopita. Waanglikana wa Church Missionary Society walijenga kituo Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka wa 1912, na Wapresbiteri wa Scotland wakaanza kazi Chogoria mwaka wa 1922 wakiongozwa na Dkt Clive Irvine. Vituo hivyo vilileta kusoma, kuandika, hesabu na matibabu, na wengi wetu tumesoma kwa sababu yavyo. Lakini kwa jumla ngoma na mapambo ya jadi yalihesabiwa kuwa mambo ya giza ambayo mwongofu alitakiwa kuyaacha mlangoni. Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walisema. Shuleni, mcheza kwao alikemewa.

Kisha mwaka wa 1924 ikaja Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Ndani yake alikuwemo msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, James Aggrey. Tume hiyo ilipendekeza elimu ya Mwafrika ihusishwe na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi wa mikono na maisha ya nyumbani. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kuwafunza walimu kwa njia hiyo. Ukiyasoma mapendekezo hayo leo bila kujua tarehe, unaweza kudhani yameandikwa na watetezi wa CBC.

Mbona basi Waafrika wengi waliyashuku? Kwa sababu waliona watoto wa walowezi hawakupewa elimu hiyo. Mtoto wa Mzungu alifundishwa jometria ili awe mhandisi. Wa Mwafrika alifundishwa kutengeneza viti ili awe fundi wa mhandisi huyo. Ufundi uligeuzwa ukuta wa kumzuia mtu asipande juu. Ndiyo maana shule huru zilizoanzishwa na Wagikuyu, na zikaenea hadi Embu na Meru, zilivuta watu kwa ahadi ya elimu kamili, hasa Kiingereza. Serikali ya kikoloni ilizifunga baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952, lakini fundisho lilibaki vichwani: kazi za mikono ni elimu ya kumweka mtu chini. Mzazi wa leo anayekunja uso akisikia mtoto wake anasuka kiondo darasani anaurithi wasiwasi uliokuwa na sababu zake. Tusimcheke.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliunganisha shule zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, kigezo cha pamoja kilichotumika kuwapima watoto wote kilikuwa chembamba. Sisi tuliofanya mtihani wa CPE miaka ya 1970 tunazikumbuka karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na ile ya maarifa ya jumla. Madarasa ya chini tulisokota kamba, tukachonga miiko na kuimba. Tulipofika Darasa la Saba, vipindi vile vyote vikawa vya hesabu na Kiingereza, na hakuna mzazi aliyelalamika. Muziki ulihamia kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 1927, na sayansi ikapata makongamano yake. Shule moja ikawa inapeleka watoto safari mbili tofauti, na walimu wawili ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuzungumza.

Jaribio kubwa lilikuja na mfumo wa 8-4-4. Tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay mwaka wa 1981 ilipendekeza mfumo huo, na mwaka wa 1985 ukaanza. Sanaa, ufundi, muziki, sayansi kimu na elimu ya biashara viliingia katika ratiba ya shule ya msingi, na safari hii vikaingia pia katika mtihani. KCPE ikawa na karatasi saba na alama 700. Wazazi walichangishwa kwa Harambee kujenga karakana. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa Runyenjes na mtoto wa Nairobi walipimwa sanaa kwa kigezo kimoja.

Kwa hiyo sanaa iliokolewa? Hapana. Ilipimwa kwa kuchagua herufi A, B, C au D. Mtoto aliweza kupata alama nzuri za uchoraji bila kushika brashi, na za muziki bila kufungua mdomo. Karatasi ya sanaa haikuuliza lolote kuhusu hesabu ya msusi, na karatasi ya hisabati haikumjua msusi. Masomo yalikuwa mengi, wazazi wakalalamikia mzigo na gharama, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi ya karatasi ikapunguzwa hadi tano, alama 500. Karatasi ya sanaa, ufundi na muziki ikaondolewa. Walimu hawakuambiwa waache kuifundisha. Hawakuhitaji kuambiwa. Karakana nyingi ziligeuzwa madarasa au stoo za mahindi.

Tufike sasa katika CBC, iliyoanza nchini kote mwaka wa 2019. Hapa lazima niwe mwadilifu. Mtaala huu umefanya jambo ambalo hakuna uliotangulia uliolifanya kwa uwazi kiasi hicho: katika miundo iliyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, mada huambatana na sehemu ya uhusiano na masomo mengine. Mwalimu wa hisabati anaonyeshwa mahali pa kuigusa sanaa, na wa sanaa mahali pa kuigusa hisabati. Nia njema ipo, tena kwa maandishi.

Sasa tazama upande wa tathmini. Viwango ni vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Mwanafunzi hupimwa kwa yale aliyotarajiwa kujua katika somo lenyewe. Ule uhusiano na masomo mengine haumpi wala haumnyimi alama. Katika tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 iliyoanza mwaka wa 2022, sanaa iliwekwa katika karatasi moja na masomo ya jamii, nayo sayansi ikapewa karatasi yake. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 na muda mfupi atafanya nini? Atafundisha kinachopimwa. Wala si kosa lake.

Tatizo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, majimbo mengi yalikubaliana mwaka wa 2010 juu ya viwango vya pamoja vya hisabati na Kiingereza. Viwango vya sanaa vilitolewa kando mwaka wa 2014. Walimu wa sanaa huko wamejitahidi kuonyesha kwamba kutafuta ruwaza na kutokata tamaa mbele ya tatizo, mambo yanayosisitizwa katika viwango vya hisabati, ni mambo yao pia. Lakini vitabu viwili vilivyoandikwa katika vyumba viwili havijiungi vyenyewe.

Huku kwetu kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Mwezi wa Aprili 2025, baada ya malalamiko ya umma, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu. Wanafunzi wa STEM watasoma ile ya kina, na wa mikondo mingine ile ya kimsingi. Naunga mkono uamuzi huo kabisa. Msanii asiyejua hesabu atanyonywa na kila promota. Lakini hebu tugeuze swali. Mwanafunzi wa STEM analazimika kujifunza sanaa gani? Hakuna. Daraja limejengwa, ila magari yanaruhusiwa kupita upande mmoja tu. Tunamwambia msanii kwamba anaihitaji hisabati, kisha tunanyamaza kuhusu mhandisi ambaye atasanifu daraja, nyumba au kiti cha hospitali bila kuwahi kuchora mkono wa binadamu.

Nini kifanyike? Pendekezo langu ni dogo. Kila mwaka, kuanzia Gredi ya 7, mwanafunzi afanye kazi moja ya pamoja inayosahihishwa na walimu wawili, wa hisabati au sayansi na wa sanaa, na alama ziingie katika masomo yote mawili. Katika sekondari ya juu iwe ya lazima kwa mikondo yote mitatu. Mwanafunzi wa Embu asuke kikapu kidogo, achague idadi ya kamba, abashiri ruwaza itakayotokea, kisha aeleze kwa nini ubashiri wake ulitimia au haukutimia. Mwalimu wa sanaa apime ususi na mpangilio wa rangi. Mwalimu wa hisabati apime maelezo. Kikapu kizuri kisicho na maelezo kisitoshe, na maelezo mazuri ya kikapu kilichopinda yasitoshe pia.

Najua jibu litakalokuja: vifaa hakuna. Hapa namkumbuka Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka wa 1928. Alisomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, katika chuo kilichoasisiwa na Margaret Trowell, akiwa mwanamke wa kwanza kusoma huko, kisha akarudi nyumbani kufundisha shule kwa miaka mingi. Alipoirudia sanaa yake kwa dhati akikaribia umri wa miaka 60, rangi zilikuwa ghali. Akachukua karatasi za sabuni na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvipanga hadi vikawa kuku, ng'ombe na wanawake wakifanya kazi. Kazi hizo zilimpa jina hata ng'ambo. Vipande vile vina pembe na pande, na ukivitazama kwa makini utaona vivuli na ukubwa vikipimwa kwa jicho kali. Shule gani ya Meru au Embu isiyo na mfuko mtupu wa unga?

Pale Nchiru, Meru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa karibu na makao ya wazee wa Njuri Ncheke. Ujirani huo wa ardhi tunao tayari. Ujirani wa masomo utategemea karatasi ya kusahihishia, na karatasi hiyo huandikwa na watu wanaojulikana: KICD na Baraza la Mitihani, KNEC. Wazazi wa Gredi ya 9 watakutana shuleni muhula huu kujadili mikondo. Badala ya kuuliza tu mkondo gani una kazi, wamuulize mwalimu mkuu swali hili pia: mtoto wangu akienda STEM, ni nani atakayempima kwa kile alichokiumba kwa mikono yake?